Nyuzi za Marehemu

Asubuhi mpiga solo alizifuta nyuzi za gitaa kwa kitambaa kikavu. Mchana akazikuta zinateleza mafuta, na hakuna aliyekuwa amezigusa. Akanusa kidole: shahamu iliyochacha. Akajifuta kwenye suruali, akaenda mazoezini. Mimi majini nimeyasimulia mpaka yenyewe huja kunisikiliza, lakini hili hunikatisha hamu ya kula.

Gitaa lilikuwa la mpiga solo wa kwanza wa bendi, aliyefariki, na huyu mrithi wake hakubadilisha nyuzi. Wapiga gitaa ndivyo walivyo: uzi mkongwe, uliokolea jasho, ati una utamu. Jasho la nani, hakujiuliza.

Zamani alikuwa akipanda na kushuka ngazi ya sauti kama fundi wa paa aliyesahau nyundo. Mkewe, mwimbaji wa bendi, alikuwa akimwambia, "Baba, tua basi, unatuchosha." Sasa alitua. Shemeji yake wa gitaa la ridhimu akitaka kubadilisha kodi, zile sauti tatu za mkupuo mmoja, kidole cha solo kilishatangulia kwenye mojawapo. Watu wakajaa ukumbini.

Kisha kucha zake zikalainika, na chini yake ukaanza kutambaa ute wa kijivu wenye vinyweleo, ukivimba kila alipopiga, ukinyonya nyama ya vidole taratibu kama mtoto anyonyavyo embe, na uvundo wake ukakaa kwenye mto, kwenye maji ya kunywa, mpaka kwenye mate.

"Mkono wangu unaliwa," alinong'ona.

"Naona. Jana umenishika shingo, nimejiosha mpaka ngozi inawaka," mkewe akajibu. "Namtaka mume wangu mzima. Solo baadaye."

Mganga akaletwa mazoezini, kaziba pua. "Jini hili ni fundi, na fundi haogopi dawa, huogopa kuchekwa. Wewe wa ridhimu, lipotoshe. Likikosea, chekeni."

Shemeji akazungusha kodi walizopatana, mara akaingia ya kigeni. Kidole kilishatua kwenye ile waliyopatana. Gitaa likalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Wakacheka wote, mke kuliko wote, kinywa wazi mpaka kimio kikaonekana, na ute ukachomoka kwenye kucha zote kwa pamoja, ukaruka kutafuta pa kujisitiri.

Mume akakunja vidole, akakunjua. Vyote vyake. "Mama, limekwenda wapi?"

Mkewe alikuwa amefumba mdomo. Akameza, mara mbili, kwa shida.

"Tuendelee," akasema, na koo lake moja likatoa sauti tatu kwa mkupuo.