Bei ya Mkono wa Raya

Stendi ya Biharamulo siku ya soko haina adabu. Mpiga debe mmoja alimvuta Ahmadi mkono kwenda Nyakanazi, mwingine akamvuta kwenda Runazi, na katika kujinasua akarudi nyuma na kukanyaga boksi la watu.

"Biskuti zangu!"

Mwenye sauti alikuwa binti wa dera la zambarau, mtandio umeteleza hadi mabegani, macho makubwa yamejaa hasira. Ndani ya boksi maua ya sukari, mekundu na ya manjano, yalikuwa vipande vipande.

"Samahani sana, dada. Nalipa zote. Moja shilingi ngapi?"

"Mia tatu."

"Mia tatu? Na urembo wote huu?"

"Umekuja kulipa au kunicheka?"

"Kulipa. Ila unajipunja, dada'angu, tena vibaya mno."

Ahmadi alikuwa muuza vipuri vya pikipiki, mtu asiyeweza kuona kitu bila kukipigia hesabu. Wiki mbili hazikuisha, yule binti, Raya, akawa anampigia simu kila jioni. Wengine huanza na mashairi. Hawa, sijui niseme nini, walianzia kwenye bei ya mayai.

"Andika, laazizi. Unga, sukari, siagi, mayai, rangi, mkaa, mifuko."

"Nimeandika. Biskuti mia mbili, elfu sabini."

"Basi kila moja imekula mia tatu na hamsini kabla hujaifunga. Ukiuza mia tatu, wewe ndiye unayewalipa wateja."

"Mungu wangu!"

"Bado mkono wako. Unatumia saa ngapi?"

"Ishirini, kwa siku mbili. Mgongo nao hauniachi."

"Kila saa elfu mbili, hiyo arobaini. Weka faida elfu kumi. Uza mia sita."

"Nani hapa atanunua biskuti mia sita, wewe?"

"Mwenye macho. Mkono wako si wa bure, Raya."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Alikata simu akacheka peke yake jikoni, na tangu hapo akampenda bila breki. Wateja walinung'unika, kisha wakanunua.

Ndipo ikaja oda ya kwao Ahmadi, Ngara: biskuti mia mbili za harusi ya dada yake, Mwanaheri. Posa ya Raya mwenyewe ilikuwa ipelekwe mwezi uliofuata. Kwa siku mbili Raya hakuinua kichwa, akiandika jina la bibi harusi kwa sukari juu ya kila biskuti. Alipofikisha maboksi, mama yake Ahmadi alimpokea kwa vigelegele, akamkabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na elfu sabini.

"Ahmadi kaniambia ndiyo bei yako, mkwe."

"Ahsante, mama," Raya akasema. Machozi aliyabana mpaka garini.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya kaunta ya Ahmadi, hata salamu hakutoa.

"Ulimwambia mama yako mia tatu na hamsini?"

"Raya, wewe sasa ni mtu wa nyumbani. Ningemwambiaje mama alipie saa zako?"

"Ulivyoniambia mimi."

"Ile ilikuwa kwa wateja, kipenzi."

"Kumbe nikiolewa mkono wangu unakuwa wa bure?"

Ahmadi akafungua droo, akahesabu elfu hamsini haraka haraka. Raya hakuzitazama.

"Sitaki hela yako. Mpigie mama, umtajie bei yangu. Ukishindwa, posa isije."

Alimpenda, na alijua anachokiweka rehani. Ahmadi aliiweka simu juu ya kaunta, akafungua spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, zile biskuti... nilikosea. Sikuhesabu kazi ya Raya. Saa ishirini. Imebaki elfu hamsini."

Raya akafumba macho.

"Kazi ya jikoni nayo inalipwa?" mama akauliza. "Mimi nimechoma maandazi miaka kumi na minane, ndiyo yaliyokusomesha. Baba yako alihesabu unga, akahesabu mafuta, kilichobaki akakitia mfukoni. Mimi nani alinihesabia?"

Raya akainamia simu.

"Shikamoo, mama. Ulikuwa unaamka saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Saa kumi alfajiri. Namaliza saa tatu."

"Saa tano hizo, mama. Kila siku."

"Saa tano," mama akarudia polepole. Wakamsikia akipenga kamasi.

"Ahmadi."

"Naam, mama."

"Hamsini yake naituma kwenye simu yake sasa hivi. Na wewe, kama unamtaka uje umfanye nilivyofanywa mimi, muache mtoto wa watu."

"Namtaka, mama. Nimekosa. Namtaka."

"Usiniambie mimi," mama akasema, akakata simu.

Ahmadi akageuka. Raya alikuwa analia, lakini hakuwa ameondoka.