Maji Katika Tangi la Kushoto

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, fundi wa kiwanja kidogo cha ndege alikiona kikombe cha kioo kilichoachwa juu ya pipa. Akakiinua, akakitazama kwenye mwanga. Kisha akatoka mbio, akasimama mbele ya ndege iliyokuwa karibu kuondoka, mikono yote miwili ameinyoosha.

Ndani ya ndege hiyo ya viti viwili walikuwamo mume na mke, mikanda wameshafunga. Mume alikuwa daktari wa meno aliyestaafu mapema. Mke alikuwa mwalimu wa jiografia. Walikuwa likizoni, siku ya tano kati ya kumi na mbili, wakizunguka kiwanja hadi kiwanja kwa ndege yao wenyewe na kulala popote walipotua.

Kikombe kilikuwa na mafuta yaliyochotwa kutoka chini ya tangi la kushoto, kama inavyofanywa kila asubuhi kabla ya kuruka. Petroli ya ndege hutiwa rangi ya buluu. Katika kikombe hicho buluu ilikuwa juu tu. Chini yake, nusu nzima, kulikuwa na maji, yamejitenga na mafuta kana kwamba yamekatwa kwa kisu.

Maji ya kiasi hicho, fundi alieleza baadaye, huifikia injini dakika mbili tatu baada ya kuruka, wakati ndege ipo juu ya mapaa ya watu. Injini inazima, na chini hakuna pa kutua.

Inspekta alifika saa mbili na robo. Alikuwa mwanamke wa makamo, hodari wa kesi za baiskeli zilizoibwa na majirani waliosogezeana ua. Hakuwa amewahi kupanda ndege maishani mwake, wala hakuona haya kulisema hilo. Alimwomba fundi amfundishe kila kitu kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu kuuliza si ujinga, akaandika polepole katika daftari lake.

Jana yake, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, fundi alijaza matangi yote mawili. Walichota mafuta kidogo kuyapima, wakayatazama watu watatu: fundi, Daktari na Mwalimu. Yalikuwa safi. Mvua haikunyesha kwa wiki tatu. Kila kifuniko cha tangi kilikuwa na kufuli dogo la namba, ambalo Daktari alilitia miaka ya nyuma alipoibiwa mafuta. Makufuli hayakuvunjwa.

Inspekta alianza na fundi, maana fundi ndiye aliyeshika bomba. Tena alikuwa na kisa. Ndege ilipotua jana ilikwenda upande, gurudumu likapanda majani na kuangusha alama ya pembeni. Fundi alimgombeza Daktari, na Daktari akamjibu kwamba alikuwa akirusha ndege wakati fundi bado anavaa nepi.

"Nilikasirika, sikatai," fundi alisema. "Lakini Afande, kama nilitaka waanguke, kwa nini nikawazuia?"

Lilikuwa jambo la maana. Lakini Inspekta alishawahi kumkamata mtu aliyechoma duka kisha akawa wa kwanza kubeba ndoo ya maji. Akamwuliza nani aliyefunga makufuli baada ya mafuta kupimwa. Fundi alijibu bila kusita kwamba ni mama. Mama ndiye aliyefungua na mama ndiye aliyefunga. Baba alikuwa kando anapiga hadithi.

Halafu Inspekta akauliza swali ambalo lilipindua kila kitu: asubuhi hii, nani alichota mafuta kwenye kikombe kile? Alikuwa Daktari mwenyewe. Fundi alimwona kwa mbali akikiinua, akakitazama, akasema kwa sauti, "Safi," akakiweka juu ya pipa na kupanda.

Nusu kikombe maji, na yeye akasema safi.

Daktari alikuwa mtu mrefu, mchangamfu, mwenye sauti iliyozoea kuwatuliza watu waliofungua midomo. Alisema jua lilimpiga machoni. Inspekta alikwenda kusimama pale pale penye pipa, akageuka huku na huku. Saa ile jua lingekuwa mgongoni. Aliporudi, Daktari alitia sahihi maelezo yake bila kuyasoma, na sahihi ikapanda juu ya maandishi badala ya kukaa kwenye mstari. Mikono inamtetemeka, Inspekta aliwaza. Mtu aliyetaka kumwua mkewe ana haki ya kutetemeka.

Ila naye alikuwa ndani ya ndege hiyo hiyo. Nani anachimba kaburi la mwenzake kisha anatangulia kulala?

Akamrudia fundi kuuliza kwa nini ndege ilikuwa bado haijawashwa. Fundi alikuna kichwa. Ufunguo wa kuwashia ulipotea, alisema. Daktari aliupapasa chini ya viti kwa dakika kumi hivi, ndipo fundi akaenda kusaidia kutafuta, na ndipo alipopita penye pipa.

"Na sasa uko wapi?"

Mwalimu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la ofisi, aliutoa mfukoni mwa suruali yake. Alisema alikuwa ameusahau. Alisema hivyo akitazama sakafu. Inspekta aliandika jibu hilo, na mbele yake akachora alama ya kuuliza, kisha akachora nyingine.

Nyumba ya wageni ilikuwa upande wa pili wa majani, hatua mia mbili. Msimamizi wake alikumbuka vizuri. Saa kumi na mbili na dakika ishirini alfajiri, alipokuwa akifungua madirisha ya jikoni, alimwona mtu aliyevaa kizibao cha njano akielekea kwenye ndege na chupa mkononi. Alimwona mgongo tu. Mume na mke walikuwa na vizibao vya namna moja, vimetundikwa nyuma ya mlango, na urefu wao ulilingana. Jana msimamizi aliweka chumbani chupa mbili za maji ya kunywa. Leo ilikuwapo moja.

Kwa hiyo fundi alitoka katika hesabu. Walibaki wawili, nao walikuwa abiria wa ndege moja. Inspekta alikaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni, daftari magotini, na kichwa kikamzunguka. Mtu ametia maji ili ndege ianguke. Mtu ameficha ufunguo ili ndege isiruke. Kama ni watu wawili, kwa nini mwenye ufunguo hakusema? Na kama ni mmoja, huyo anataka nini hasa? Alifuta, akaandika upya, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Mwishowe aliacha kujiuliza nani anataka kuua. Akajiuliza daktari wa meno wa miaka hamsini na minane, mwenye mikono mizuri na wagonjwa tele, anaacha kazi kwa nini.

Saa sita mchana aliwakusanya wote watatu kando ya bawa la kushoto. Aliwasomea maelezo taratibu, hatua kwa hatua. Alipofika kwenye kizibao cha njano na chupa, Daktari alimgeukia mkewe. Kisha akasogea mbele.

"Ni mimi," alisema. "Usiwasumbue wengine. Nilitia maji mimi."

Mwalimu alitaka kusema, naye akamwekea mkono begani. Inspekta hakubisha. Aliuliza namba ya kufuli. Nne, moja, saba, Daktari alijibu, na ilikuwa sahihi. Inspekta akalichukua kufuli lililo wazi, akalifunga, akavurugavuruga vigurudumu vyake. Tarakimu zake hazikuzidi punje ya mchele. Akampa.

"Alfajiri ulilifungua. Lifungue tena."

Daktari alilishika. Alilisogeza karibu na uso, akaliweka mbali, akageuza shingo kulitazama kwa pembe ya jicho kama ndege anavyotazama punje. Vidole vilizungusha, vikavuta, kufuli likakataa. Alizungusha tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Fundi alinyoosha mkono kumsaidia na Inspekta akamzuia.

"Mwache, Afande," Mwalimu alisema. "Inatosha."

Alilichukua kufuli mikononi mwa mumewe na kulifungua mara moja.

"Macho yake yana doa katikati," alisema. "Mwezi wa saba sasa. Pembeni anaona, mbele haoni. Aliacha kazi siku alipotoboa jino zima akaacha bovu. Ajuaye ni mimi na yeye tu. Hewani ninamsomea kila kitu, mwendo, kimo, mafuta, yeye anashika usukani. Aliniahidi hii ndiyo safari ya mwisho."

Akamrudishia Inspekta kufuli.

"Jana aliniuliza kiwanja kiko wapi. Kilikuwa mbele ya pua yake."

Usiku kucha alimsihi warudi kwa basi, alieleza, naye akakataa katakata. Ndipo alipofikiria maji. Miaka ishirini na sita mumewe hajawahi kuruka bila kupima mafuta. Angeyaona maji, matangi yangemwagwa na kusafishwa, wangekaa siku mbili chini, naye angepata nafasi ya kusema naye tena. Ufunguo aliuchukua kwa tahadhari tu.

"Lakini alikiinua kikombe, akasema safi. Nikaona dunia imegeuka. Hata maji nusu kikombe hayaoni."

Inspekta alimwuliza kwa nini hakusema pale pale, badala ya kupanda na kufunga mkanda.

"Mbele ya fundi aliyemgombeza jana? Ningekuwa nimemvua nguo mume wangu mchana kweupe. Nilijua bila ufunguo haendi popote. Nilikuwa natafuta neno. Ufunguo nilikuwa nimeubana mpaka ukaniumiza kiganja."

Daktari alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Sauti yake ya kutulizia watu ilikuwa imempotea.

"Ilikuwa nusu kweli?" aliuliza.

"Nusu nzima," alijibu fundi kwa upole.

Daktari alitikisa kichwa mara kadhaa. Kisha alimwambia Inspekta kwamba ameandika mambo kinyumenyume. Aliyekuwa anataka kumwua mtu ni yeye Daktari mwenyewe, na hakukuwa na haja ya maji. Siku nne amempandisha mkewe hewani, na kila siku angeweza kumwua kwa kiburi peke yake.

Inspekta alifungua ukurasa mpya wa daftari. Aliwaambia kuwa sheria ni sheria, kutia maji kwenye mafuta ya ndege ni kosa hata kama ndege ni yako, na jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka naye ndiye atakayeamua. Ila aliandika kila neno, na habari ya ufunguo akaipigia mstari mara mbili.

Mambo mengine yalimalizika haraka. Daktari alimwomba fundi radhi kwa maneno ya jana, fundi akasema yamekwisha. Kisha Daktari alitoa leseni yake ya urubani, akaomba iambatanishwe na barua ya kuirudisha. Ndege ilisukumwa bandani kumsubiri rubani wa kukodi.

Saa tisa Inspekta aliwasindikiza mpaka kituo cha basi, akidai ni njia yake. Mizigo ilitangulia, nao wakapanda. Kupitia dirisha lililokuwa wazi alimwona Daktari ameketi kwenye kiti cha dirishani, kwa mazoea ya rubani anayeitazama njia mwenyewe. Alikaa hivyo kidogo, kisha akainuka, akampisha mkewe, na basi lilipoanza kusogea Inspekta alimsikia akisema:

"Kaa hapo wewe. Nisimulie njia."