Chumba Kisichofunguliwa Mchana

Valeria alishuka kwenye basi pale Malton, kitongoji cha Mississauga huku ughaibuni, saa kumi na moja jioni, giza la Novemba likiwa limeshaingia, mkononi ana mfuko wa duka la vifaa vya ujenzi. Ndani ya mfuko mlikuwa na taima ya kuwashia na kuzimia taa, na utepe wa gundi, rola mbili. Mdogo wake Josaphat alikuwa amempigia simu mara tatu kumkumbusha. Utepe uwe mweusi, dada. Si wa kijivu. Mweusi kabisa.

Miguu ilimuuma. Tangu alfajiri alikuwa amesimama kwenye jiko kubwa la karibu na uwanja wa ndege, akipanga kuku na wali kwenye trei za abiria, na leo walimwongezea saa mbili juu ya zamu yake. Ndege ilipita juu ya mapaa, chini kabisa, hata madirisha ya nyumba yakatetemeka. Hakuinua kichwa. Alikuwa ameishi hapo miaka kumi na minne.

Josaphat alikuwa anaishi chini, kwenye besimenti ya nyumba yake, tangu Februari alipoanguka na sanduku la mzigo kwenye ghala na mgongo ukakataa kazi. Kazi nayo ikamkataa. Tangu hapo Valeria alikuwa akimsikia akilia kwa maumivu, mwanaume wa miaka arobaini na moja. Vidonge vya hospitali vilimlaza tu kama mlevi. Ndiyo maana alipomwambia anataka kuotesha bangi yake mwenyewe kwenye stoo ya chini, apate cha kupunguza maumivu, Valeria alikasirika siku moja, siku ya pili akakubali.

"Sheria imeruhusu," Josaphat alisema. "Miche minne kila nyumba. Nami nimepanda minne. Sijaongeza hata mmoja."

Jioni ile alimwonyesha chumba. Kuta amezibandika karatasi ya kung'aa kama ya kufungia chakula. Taa ndefu imening'inia kwa mnyororo, mwanga wake wa zambarau unaumiza macho. Feni inazunguka. Juu kuna bomba la kutolea harufu, lenye kichujio cha mkaa. Chini, vyungu vinne vyeusi vya plastiki, na katika kila kimoja mche unaofika gotini.

"Saa kumi na mbili za taa, saa kumi na mbili za giza," alisema huku akibandika utepe pembeni mwa mlango. "Mimi usiku silali, kwa hiyo taa itawaka usiku. Mchana ni giza. Na giza lenyewe liwe giza kweli. Hata mwanga wa simu ukipenya, maua yanaharibika."

"Kwa hiyo mchana hakifunguliwi."

"Hakifunguliwi, dada. Kwa sababu yoyote."

Alibandika utepe mpaka usawa wa kiuno. Kuinama zaidi ya hapo hakuweza, mgongo ulimkatalia. Valeria akapiga magoti, akamalizia chini.

Wiki tatu zikapita. Miche ikanenepa, ikawa na majani ya kijani kilichokolea mno, kama imekunywa damu. Josaphat aliiangalia kila jioni taa ikiwaka, akiwa amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Valeria hakuwahi kumwona ameshika kopo la maji. Viatu alikuwa bado anafungiwa kamba na dada yake.

"Unamwagiliaje?" alimuuliza siku moja.

"Najitahidi."

Akaanza pia kumwagiza pumba za ngano, mfuko mkubwa kila wiki. Za tumbo, alisema. Valeria alinunua, hakuuliza tena.

Kisha ikaja ile Jumatano.

Alikuwa ametoka zamu mapema, na Josaphat alikuwa ameenda kliniki kufanyishwa mazoezi ya mgongo. Nje theluji inaanguka bila haraka. Saa tisa mchana, Valeria akabeba kapu la nguo akashuka chini kwenye mashine ya kufulia. Nyumba ilikuwa kimya. Hata ndege zilikuwa zimesimama kwa ajili ya hali ya hewa.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Akasimama.

Sauti ilitoka nyuma ya mlango wenye utepe. Si feni. Feni ilikuwa ikivuma pale pale, siku zote, kama pumzi ya mtu aliyelala. Hii ilikuwa juu ya feni. Kitu kinakwaruza udongo. Kinatulia. Halafu mapigo madogo, laini, ya kiganja kinachoshindilia.

Pa. Pa. Pa.

Harufu ikamfikia. Haikuwa ya bangi. Ilikuwa ya maganda ya kahawa yaliyochacha, ile harufu kali tamu ya nyuma ya nyumba yao Mbinga wakati wa mavuno. Hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na minne.

Akapiga simu, akinong'ona. "Josaphat. Kuna mtu humu chumbani."

Upande wa pili akasikia mlango ukifungwa.

"Usifungue," akasema.

"Nimesema kuna mtu."

"Utaharibu maua, dada. Usifungue."

Wala hakuuliza ni mtu gani.

Jioni taa ilipowaka, Valeria alikuwa wa kwanza mlangoni. Hapakuwa na mtu. Ila udongo kwenye vile vyungu ulikuwa umepangwa. Majani makavu ya miche yalikuwa yamelazwa kwa mistari inayokatana, udongo umefunikwa juu yake vizuri, na katikati ya kila mraba kumeachwa kishimo cha kushika maji. Vishimo vidogo, safi, kama vya kuchezea watoto. Kwao Mbinga milima yote imelimwa hivyo. Wanaita ngoro.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Josaphat alisema, macho kwenye taa.

Valeria akamtazama. Josaphat alipelekwa seminari akiwa na miaka kumi na miwili. Jembe hakulijua. Yeye mwenyewe aliolewa Dar akiwa binti, akaachika, akaja huku. Aliyebaki kulima ngoro, kuchuma kahawa na kumwogesha mama alikuwa mdogo wao wa mwisho. Godson.

Na Godson alikuwa amekufa Machi.

Aliumwa kichwa siku tatu, basi. Mtu wa miaka thelathini na nne aliyekuwa akibeba gunia la kahawa mabegani kama blanketi. Walimzika haraka. Wao wawili hawakwenda, Josaphat kwa sababu ya mgongo, Valeria kwa sababu ya zamu. Mama yao alisema kitu kwenye simu siku ile ambacho Valeria alikifukuza akilini: kwamba wabebaji walikwenda na jeneza wakipiga hatua nyepesi, kama watu waliobeba kitanda kitupu.

Hakulala usiku ule. Kesho yake aliomba ruhusa kazini. Akamsubiri Josaphat aondoke kwenda kliniki, kisha akashuka chini, akaanza kubandua utepe. Ulitoka taratibu, ukilia.

Saa nane mchana. Jua la baridi lilikuwa linaingia kwenye kidirisha kilicho juu ya mashine ya kufulia.

Akasukuma mlango kidogo.

Joto likamfunika uso. Giza humo ndani lilikuwa zito, la kushikika.

Kwaru... kwaru...

"Nani?" akanong'ona.

Kukwaruza kukakoma.

"Godson?"

Kitu kikapumua. Chini, karibu na sakafu. Kisha ikatoka sauti kooni, sauti ya mtu anayejibu na ulimi haupo.

"Mm."

Kitu kikawa kinamjia polepole, kikijiburuta kwa magoti. Mkono ukatokea kwenye ule mstari mwembamba wa mwanga, mpaka kwenye kifundo tu. Mkono mweusi wa udongo, ngozi imepasuka. Kidole cha shahada hakina ukucha. Godson aliupoteza kwenye mashine ya kumenyea kahawa akiwa na miaka tisa, na Valeria ndiye aliyemfunga kitambaa.

Mkono ukapapasa sakafu. Ukagusa kiatu chake.

Ukaanza kukifuta.

Ulifuta udongo kwenye ncha ya kiatu kwa kiganja, taratibu, kwa adabu, kama mtumishi. Ulipomaliza cha kushoto ukahamia cha kulia.

Aliufunga mlango, akapanda ngazi kwa mikono na magoti.

Josaphat alimkuta jikoni, amekaa gizani, koti la baridi mwilini. Akauona utepe uliobanduliwa ukining'inia kwenye vidole vya dada yake. Akavuta kiti akakaa.

"Sikujua itakuwa hivi," alisema.

"Sema ulichofanya."

"Februari, mgongo umevunjika, siwezi hata kujinawisha. Mtu mmoja kwenye kundi la simu akanipa namba ya mzee fulani huko kwetu. Anasaidia watu, wakasema. Nikampigia. Nikamwambia sina mikono ya kufanya kazi. Akaniuliza, una ndugu anayejua kulima? Nikasema ninaye. Akaniuliza jina."

"Ukamwambia."

"Aliuliza jina tu, dada. Hakuuliza kingine. Mwezi uliofuata Godson akafa, nikajua ni ugonjwa. Mimi nililia kuliko wewe. Halafu nikapanda hii miche, na wiki ya pili nikakuta imemwagiliwa. Mzee akanitumia ujumbe. Mpe pumba, akasema. Asile chumvi. Asione mwanga."

"Na ukampa."

"Ungempa nini wewe?"

Valeria alimpiga kofi. Lilikuwa kofi dhaifu, la mtu aliyechoka. Josaphat hakujikinga.

"Wewe umenigeuza mchawi," alisema polepole. "Sawa. Lakini yule kijana aliomba barua ya mwaliko ya kuombea viza miaka sita. Barua ya ukurasa mmoja. Mimi nilikuwa sina nyumba, wewe ulikuwa nayo. Ulisema nini? Ulisema, akija huku mama atabaki na nani, shamba litabaki na nani. Mimi nimemtumikisha wiki sita. Wewe?"

Valeria akauweka ule utepe mezani.

Saa moja taa ilipowaka, Valeria alishuka na kisu cha mkate. Akaikata miche yote minne shinani. Josaphat alisimama kwenye ngazi akamwambia asifanye hivyo, maua yalikuwa yamebakiza siku kumi. Akasema tena, sauti imepungua, "Ukimwondolea kazi ataenda wapi?"

Valeria akaweka kisu chini. Akachomoa taa, akauacha mlango wa stoo wazi, akapanda, akafungua na mlango wa mbele wa nyumba mpaka mwisho. Baridi ikaingia kama maji.

"Godson," akasema kuelekea kwenye giza. "Kazi imeisha, mdogo wangu. Utusamehe. Nenda nyumbani."

Kisha ngazi zikalia, moja moja, kama zinakanyagwa na mtu asiyezoea ngazi. Ile harufu ya kahawa ikampita karibu sana, ikamgusa shavu. Ikatoka nje.

Alipofika mlangoni aliona nyayo kwenye theluji. Nyayo za miguu mitupu, visigino vipana. Zilikwenda mpaka barabarani, zikasimama. Zikaelekea kulia, zikarudi. Zikaelekea kushoto, zikarudi. Zikazunguka pale pale, mara nyingi, kama za mtu aliyeshushwa mahali asipopajua na hana wa kumuuliza njia. Nyumbani atakwendaje? Huku alivyoletwa hakuonyeshwa njia.

Theluji iliendelea kuanguka. Baada ya nusu saa hapakuwa na alama yoyote.

Josaphat alihamia upande wa pili wa Mississauga kwa rafiki yake kabla ya Krismasi. Hawapigiani simu. Valeria aliipeleka kanisani karatasi ya nia za misa, na mbele ya jina la Godson kalamu ikagoma kuandika neno marehemu. Aliacha nafasi tupu. Katibu wa parokia akamjazia mwenyewe.

Januari ikaisha. Asubuhi moja, kwenye kituo cha basi, alikuwa amesimama na Elysée, mama wa Kikongo wa nyumba ya tatu kutoka kwake, ambaye hufanya usafi kwenye hoteli ya uwanja wa ndege. Theluji ya usiku ilikuwa imefika magotini, barabara nzima imezama. Isipokuwa mlangoni kwa Elysée. Pale palikuwa peusi, pakavu, pamesafishwa mpaka kwenye lami.

"Umeona vile nimebarikiwa?" Elysée alisema, akicheka kidogo. "Mimi sijui ni nani. Kila asubuhi nakuta ametosha theluji yote. Na takataka ameshapeleka. Haombi kitu. Nilitaka kumpa supu, nikaweka mlangoni, hakugusa. Nafikiri ina chumvi mingi."

Valeria alitazama upande ambao basi hutokea.

"Wewe unamjua?" Elysée akauliza. "Labda ni mtu wa kwenu."

Taa za basi zikaonekana mbali, zikiyumba kwenye ukungu. Zamu ilianza saa kumi na moja na nusu, na mgongo wa Valeria ulikuwa umeanza kumuuma siku hizi, pale chini, pale pale ulipoanzia wa Josaphat.

"Hapana," akasema. "Simjui."

Akatafuta kadi yake ya basi mkobani, akapanda.