Aliyekaribishwa kwa Nukta

Jina lile halikupaswa kuwepo. Asubuhi, kabla chai haijaletwa ofisini, Kinyanjui alifungua dirisha la kuandikia amri, akaiuliza kompyuta joto la mashine za kuangulia vifaranga, na mahali pa namba likatokea neno moja: NIPO.

Alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka wenzake, akadhani ni mzaha wa Wachuka, aliyekuwa akifanya naye kazi ya kompyuta katika kituo cha vifaranga cha Sapna, nje kidogo ya Nakuru.

"Wewe ndio umeniwekea hii upuzi?"

"Mimi siguzi mashine yako," Wachuka alisema bila kuinua macho. "Jana ulikuwa unalia ati skripti yako haiweki kitu. Nikakueleza kwa nini. Ulisikiza?"

Alisikiliza nusu tu, kama kawaida yake. Na jambo lenyewe lilikuwa dogo. Skripti, yaani faili la amri zinazofuatana, ikiendeshwa kwa kawaida hufanya kazi katika chumba chake, na majina yote inayoyaweka humo hufa nayo ikimaliza, hayarudi kwa aliyeituma. Anayetaka yabaki huanza amri yake kwa nukta. Hapo skripti haiendi nje tena. Huingia ndani kwa aliyeituma na kupanga vitu kana kwamba ni yeye mwenyewe. Ndiyo sababu mwenye akili husoma kwanza anachokiingiza. Kinyanjui, aliyejichapishia kadi zenye cheo cha Mhandisi Mkuu, alikuwa ameokota kwenye mtandao skripti ya mtu asiyemjua, hakuisoma hata mstari mmoja, akaweka nukta mbele yake, akabonyeza.

Alilifuta lile neno, likarudi. Alizima kompyuta akaiwasha, likarudi. Alipolitafuta kwenye mafaili yote hakulikuta popote.

Mtu mwingine angemwambia Sapna, mwenye kituo. Kinyanjui alinyamaza wiki kadhaa, akitabasamu kwenye mikutano, huku harufu ya nywele zinazoungua ikimfuata kutoka ofisini hadi nyumbani kwake Rhonda, hadi kitandani alikolala na mkewe Shiru.

Mayai ndiyo yaliyomwumbua. Mchana mmoja Sapna alimwita Wachuka kwenye chumba cha mashine, akamwonyesha kwa kidole.

"Hizi tumeweka jana," alinong'ona. "Sikiza."

Mayai ya jana hayana kifaranga, hayana hata moyo, lakini kutoka kwenye trei zote, kuanzia mlangoni hadi ukutani, sauti nyembamba zilikuwa zikilia kwa pamoja, zikipanda na kushuka kama kitu kimoja kinachovuta pumzi, na harufu ya kuungua ikawa nzito mpaka macho yakawatoka machozi, na hapo Kinyanjui akaingia akiuliza ni nani amezima feni, na sauti zote zikakatika mara moja, kama darasa linapoona mwalimu. Sapna alivunja yai moja. Ndani mlikuwa na majivu makavu.

"Ni huyu Wachuka," Kinyanjui alisema. "Ananionea wivu."

Wachuka alirudi ofisini. Alikaa kwenye kompyuta ya Kinyanjui, akakuta ile skripti, akaisoma, akasoma tena. Kisha akalifuta lile neno kwenye dirisha la Kinyanjui, na safari hii halikurudi. Lakini mashine zenyewe, zikiulizwa joto, bado zilijibu NIPO.

"Ziliwashwa kutoka hapa," alimweleza Sapna kwa sauti ya chini. "Kila kitu kilichozaliwa na hii dirisha kilipewa nakala yake. Ukifuta kwa mzazi, kwa mtoto inabaki. Lazima tuzizime moja moja."

Walizizima zote, trei zote zikatupwa. Walipogeuka, Kinyanjui alikuwa ameketi sakafuni, vidole vikigonga saruji kana kwamba anaandika, nyusi zake zikifuka moshi.

Shiru aliitwa. Alileta pasta wao, ambaye alifika getini, akanusa, akakumbuka ana mkutano. Ndipo Sapna akatuma gari mtaa wa Bondeni kwa Ustadh Sudi, mzee mkavu asiyependa maneno mengi. Alivua viatu mlangoni, akaketi mbele ya Kinyanjui, akasoma Kurani. Alisoma mpaka sauti ikakauka. Kisha akauliza, "Nani alikuleta?"

Kinywa cha Kinyanjui kilifunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa tulivu, ya mtu aliyechoshwa.

"Sikuvunja mlango. Wengine huniweka nje, nafanya kazi yao, naondoka. Huyu alinikaribisha ndani, hakuniuliza hata jina. Nimekaa humu nikatafuta mtu, sikumpata. Majivuno tu, na woga chini yake. Hata kumtesa ni kazi bure."

"Basi toka."

"Natoka. Sikuwa nangoja ruhusa yako, mzee. Changu kimeshashuka."

Kinyanjui alianguka kifudifudi. Harufu ikakatika. Wachuka alikimbilia kompyuta, akawasha mashine moja, akauliza joto. Ikajibu kwa namba safi. Sapna akaegemea ukuta, akafunga macho.

Kinyanjui aliketi, akajipangusa vumbi kwenye shati, akawatazama wote.

"Si nilisema skripti yangu haina shida," alisema. Akatoka nje kutafuta simu yake.

Ustadh alikuwa mlangoni akivaa viatu. Wachuka alimwona Shiru akiwa bado pale pale, mkono umebana kitambaa cha nguo chini ya kitovu.

"Shiru, uko sawa?"

"Imesema chake kimeshashuka," Shiru alinong'ona. "Kimeshuka wapi?"

"Sijui."

"Sijaambia mtu. Hata yeye sijamwambia." Alitazama mlango aliotokea mumewe. "Nilipima juzi. Niko na mimba, na tangu juzi hapa ndani kunachoma."

Ustadh alikuwa ameshafunga kamba za kiatu cha pili. Aliinua macho, akamtazama Shiru. Kisha akaanza kuzifungua.