Chupa ya Chini ya Kitanda

Kila siku baada ya shule, Edna alipita wodini kumwona kaka yake, Cyril. Mama yao alishinda kiwandani akiunga mabati ya ndege za vita. Cyril alijikata kwa kopo, kidonda kikaoza, homa ikampanda. Sasa alidungwa dawa mpya itokanayo na ukungu, kama ule uotao kwenye mkate uliolala, na homa ilikuwa imeanza kushuka.

Pale Oxford, Uingereza, ukungu huo uliwahi kuoteshwa kwenye vyombo vya haja vya wagonjwa. Chuma cha mabomu kilikuwapo. Cha matangi ya kuoteshea dawa, hakuna! Hilo lisisahauliwe.

Jioni hiyo kasisi alikuwa njiani kumtembelea Cyril. Edna aliona chupa ya mkojo imejaa chini ya kitanda. Kwao, mgeni kuona kitu kama hicho ni aibu ya nyumba nzima. Akaimwaga, akaisuuza, akairudisha iking'aa.

Mara akaingia Bi Lovell wa maabara, aliyekuja kwa baiskeli kuchukua chupa hiyo.

"Tupu!" alishangaa.

Daktari, aliyekuwa akikagua wagonjwa, alikunja uso. "Basi figo zimegoma. Simamisheni dawa."

"Lakini ndiyo inayomponya!" Edna alilia.

"Figo zikigoma itamuua. Kaa pembeni, binti."

Edna aliitazama chupa tupu. Akisema, atafukuzwa wodini. Asiposema, Cyril atakosa dawa.

"Ni mimi," alisema. "Nimeimwaga. Kasisi anakuja."

"We mtoto!" Sista Pargeter, mkuu wa wodi, alifoka. "Umemwaga dawa! Nyingi hutoka na mkojo. Tunaichuja, tunamdunga tena!"

"Mbona hamkutuambia?"

Sista akamgeukia daktari.

"Figo ni nzima, basi," daktari alisema. "Endeleeni. Lakini dawa tutaitoa wapi?"

"Nitachuja mkojo wa Mzee Potts, naye anadungwa dawa hiyohiyo," Bi Lovell alijibu.

"Nidungwe mkojo wa Mzee Potts?" Cyril alinung'unika. "Bora nife!"

"Nyamaza, we!" mzee alidakia kutoka kitanda cha jirani. "Wangu una bia. Utanenepa!"

Homa ilipokwisha, Bi Lovell alimwita Edna mbele ya Sista. "Ungenyamaza, tungeamini chupa tupu, tungesimamisha dawa, na kaka yako angekufa. Kosa lililosemwa hurekebishika, lililofichwa huua. Nawe Sista, asiyeambiwa si mjinga."

Sista aliuma midomo. Kisha akamvutia kiti mama yake Edna, aliyefika moja kwa moja kutoka kiwandani, bado na ovaroli yenye grisi, akaanza kumweleza kila kitu kuhusu dawa na chupa ile.