Chaki ya Emmanuella

Kila siku akitoka shule, Emmanuella huvua shati jeupe na sketi ya bluu, hula bukari, yaani ugali wake, upesi, kisha hukimbilia gereji ya baba yake hapo hapo mtaani Naviundu. Huosha boliti, hupanga spana, na akiitwa hushika chaki. Kazi ya chaki ni yake, na ole wako uiguse!

Nyuma ya injini ya gari hufungwa gurudumu zito la chuma ambalo mafundi wa Lubumbashi huliita volan. Klachi hufungwa juu yake. Volan ikiwa nzito upande mmoja, injini hutetemeka mpaka vyuma vyake vinaharibika. Ndiyo maana Papa Kangwa, baba yake Emmanuella, hafungi volan bila kuipima. Huitia mhimili katikati, huuweka mhimili huo juu ya vyuma viwili vilivyonyooka, kisha huisukuma kidogo izunguke. Ikisimama, Emmanuella huweka alama ya chaki upande wa chini. Husukumwa tena na tena. Alama zikitapakaa pande zote, volan ni nzuri. Zikirundikana mahali pamoja, hapo pana uzito na lazima papunguzwe. Mwenye gari huonyeshwa alama hizo kabla volan haijafungwa. Ndiyo desturi ya gereji ile.

Alhamisi moja Papa Kangwa alikwenda Kasumbalesa kutafuta vipuri, akamwachia kazi mwanawe mkubwa, Merdi. Gari lilikuwa la Papa Damien, mfanyabiashara kutoka Butembo. Klachi ilikuwa imeungua na volan imepasuka, naye alileta volan mpya inayong'aa. Kesho yake alitaka kwenda Lukafu na mkewe, Mama Damien, kuchukua mahindi.

Emmanuella alipofika, aliikuta volan chini, kando ya katoni yake. Vyuma vya kupimia vilikuwa bado vimeegemezwa ukutani.

"Emma, shika chaki," Merdi alisema. "Weka alama huku na kule. Papa Damien iko anakuya kuangalia."

"Mulishaipima?"

"Iko mupya! Imetoka mu karto sasa hivi. Tutapima nini?"

"Basi hakuna alama."

"Miye njo mukubwa hapa leo!"

"We njo mukubwa, yaya," Emmanuella alimwambia kaka yake. "Lakini chaki iko yangu. Sitachora uongo."

Merdi akanyoosha mkono kuichukua. Emmanuella akaitia mfukoni, akaketi juu ya volan, akakunja mikono. Haya, mwinue basi!

"Ukikatala, hautaingia tena mu gereji hii," Merdi alifoka.

Maneno hayo yalimchoma. Gereji aliipenda kuliko mchezo wowote, na machozi yakamlengalenga. Lakini hakuinuka.

"Unifukuze!" alipiga kelele. "Mama Damien atapanda ile gari! Muvivu we! Muongo we!"

Hapo hapo Papa Damien akaingia. "Kuko nini? Mulishapima?"

"Hapana, Papa," Emmanuella alijibu kabla kaka yake hajafungua mdomo. "Bado."

Papa Damien akakunja uso. "Mutoto, miye nilileta kitu kipya. Nichelewe ju ya nini?"

"Musukume mwenyewe, Papa. Muone."

Emmanuella akainuka, na Merdi akavileta vyuma, akaitia volan mhimili na kuiweka juu yake. Papa Damien akaisukuma. Ikazunguka, ikayumba, ikasimama. Emmanuella akatoa chaki, ambayo ilikuwa imevunjika vipande viwili mfukoni, akaweka alama. Alama ya pili ikaangukia juu ya ile ya kwanza. Ya tatu nayo vilevile.

"Mungu wangu," Papa Damien alisema. "Na ilikuwa inang'aa hivi!"

Merdi alichukua keekee ya umeme bila kuambiwa. Alichimba tundu dogo penye uzito, akapima, akachimba tena kidogo, akapima tena. Jasho lilimtoka. Mwishowe alama zikatapakaa pande zote, na Papa Damien mwenyewe akasema ifungwe.

Papa Kangwa aliporudi jioni, Merdi alimweleza yote, wala hakuficha lake. Baba akamgeukia binti yake.

"Ulimutukana yaya yako mbele ya bantu?"

"Ndiyo, Papa."

"Omba musamaha."

Emmanuella aliomba, na Merdi akaupokea.

"Na ju ya kukatala, Papa, niombe pia?"

"Hapana! Ju ya matusi, ndiyo. Ju ya kukatala, hata kidogo." Papa Kangwa akawatazama wote wawili. "Wazee walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Muntu anaona kitu kinang'aa, anasahau kupima. Hiyo kosa, keekee inaweza kuitengeneza. Lakini tukichora alama ya uongo mara moja tu, hata alama zetu za kweli, nani atazisadiki?"

Akaokota vipande viwili vya ile chaki. Kimoja akamrudishia Emmanuella, na kingine akamwekea Merdi mkononi.