Nani Anaizima Mashine ya Jumana?

Hivi wewe, siku isiyo ya shule huwa unaianzaje? Unalala mpaka jua likuchome usoni, au kuna kitu kinachokutoa kitandani kabla ya watu wazima?

Jumana alitolewa kitandani na mashine yake. Kila Ijumaa, kabla mama hajarudi na mikate iliyopakwa viungo vya zaatari kutoka kwa mwokaji, msichana huyo wa miaka kumi na mitatu alikuwa amekwisha kutandika kitanda, kuosha vikombe vya jana na kufuta vumbi kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa ukumbini, karibu na mlango. Aliifuta kwa kitambaa laini, pembe zote nne, na nyuma kwenye matundu ya kupitishia hewa alipuliza kwa mdomo mpaka mashavu yakamuuma.

Waliishi ghorofa ya nne mjini Mina, kaskazini mwa Lebanoni: Jumana, mdogo wake Anis wa miaka kumi, na mama yao, Hanadi, aliyefanya kazi katika duka la dawa. Baba alikuwa kazini Kuwait. Umeme wao ulitoka kwenye jenereta ya mtaa, ya Abu Rabih, ampea tano tu kwa nyumba nzima. Ukichomeka pasi wakati hita ya maji inafanya kazi, swichi kuu inaanguka, pap! na nyumba yote inazimika. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka kitu chochote, mtu hupaza sauti kwanza: "Nachomeka pasi!" Wengine hujibu, "Chomeka!" au, "Ngoja kidogo!" Kompyuta ya Jumana ilipewa zamu yake. Ilikuwa ni Ijumaa tu, kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa kumi na mbili jioni, wakati Abu Rabih anapozima jenereta moja na kuwasha ya pili.

Kompyuta ile aliipata kwa mjomba wake, ofisi yake ilipofungwa. Ilikuwa nzito, na programu za kisasa ziliishinda. Jumana akafuta kila kilichokuwamo, akaweka Linux, mfumo wa bure ambao mashine za zamani huumudu. Aliuweka ule usio na picha wala vitufe, ila herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi. Unauandikia amri, nao unatii. Alitaka mashine ile iwe seva, yaani ikae pale ukumbini ikiutunza mchezo wa kujenga miji, na wachezaji waingie kutoka majumbani mwao.

Kazi hiyo ilimchukua wiki mbili. Alifuata maelezo ya mtu mmoja wa mji wa Saida, aliyejiita Abu Taym, aliyeyaweka kwenye intaneti. Siku mashine ilipokubali, Jumana alishuka ngazi za ghorofa zote nne akitangaza, "Nimeitengeneza mwenyewe! Hakuna mstari mle ndani nisioujua!"

Wakaanza kuingia watatu: Jumana mwenyewe, Zaher wa ghorofa ya pili, na Hala. Hala alikuwa rafiki yake tangu darasa la watoto wadogo, lakini familia yake ilikuwa imehamia Ujerumani. Huko hakuwa na mwenzake hata mmoja. Kila Ijumaa alikaa akiisubiri saa tisa ya Mina ifike. Ndani ya mchezo walijenga mji: gati, soko la samaki, ngazi za mawe, na nyumba ile ile Hala aliyoiacha, mpaka na madirisha yake ya kijani.

Ijumaa ya kwanza, saa kumi na moja ikikaribia, wote walitupwa nje ya mchezo kwa mpigo.

Jumana, aliyekuwa akicheza kwa simu chumbani, alitoka mbio. Taa ya ukumbini ilikuwa inawaka. Mashine ilikuwa kimya, skrini nyeusi tii. Na mbele yake alisimama Anis, mdomo wazi.

"Umegusa nini wewe?"

"Sijagusa! Dada, kumetokea maandishi, halafu..."

"Maandishi gani! Ondoka hapo!"

Kazi ya nusu saa ya mwisho ilikuwa imepotea. Kinyongo kikamkaa Jumana.

Ijumaa ya pili, wakati ule ule, ikawa vile vile. Safari hii Hala alikuwa ametoka kupanga paa la nyumba yao, vigae mia mbili na kitu, kimoja kimoja. Jumana alipofika ukumbini, Anis alikuwa tena pale pale.

"Mikono yako!" Jumana alifoka. Alimshika kola akamvuta mpaka mlangoni mwa jikoni. "Mara mbili! Wivu utakuua!"

"Niachie! Nimekwambia sijagusa! Maandishi yanatokea yenyewe!"

"Muongo mkubwa! Maandishi yanajitokeza yenyewe, na vidole vyako vilikuwa wapi?"

Simu iliita. Alikuwa Zaher, naye amefura. "Jumana, nimekusikia mpaka huku chini ukimfokea Anis, na mimi nimechoka. Mara ya tatu ikizima, tunahamia kwenye seva ya binamu yangu kule Beiruti. Ile ni ya kulipia. Haina mdogo wa mtu ndani."

"Na Hala je? Binamu yako hapokei watu wa nje."

"Hala atajua mwenyewe. Kwani mimi ndiye ninayezima?"

Hala angebaki peke yake kabisa. Kwa hasira ile, Jumana akaandika kwenye kundi lao la simu: "Si kosa la seva. Ni Anis. Ananionea wivu, anachomoa waya."

Neno likashuka ngazi upesi kuliko maji. Kufikia Jumatatu, watoto wa jengo zima walikuwa wanamwita Anis Mkasi. "Anis Mkasi, usinikatie!" walipiga kelele akipita, wakificha kamba za viatu vyao. Jumanne alirudi kutoka shuleni shati halina vifungo viwili, mdomo umevimba. Aliutupa mkoba katikati ya ukumbi, vitabu vikamwagika.

"Sababu ni wewe!" alimlilia dada yake. "Umenipa jina! Sikusemeshi tena maisha yangu yote!"

Mama alikuwa amefika tu, hajavua hata koti lake jeupe la dukani. Aliposikia habari yenyewe, hakumgeukia mtoto yeyote. Alitoka moja kwa moja barazani, akainama juu ya ukuta.

"Abu Rabih! We Abu Rabih! Ijumaa mbili sasa unatukatia umeme kabla ya saa! Watoto wangu wanatoana macho kwa ajili yako!"

Kule chini, Abu Rabih aliinua kichwa kutoka kwenye jenereta yake, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. "Mimi? Umm Anis, muogope Mungu! Friji lako lilizima?"

Mama akageuka. "Friji lilizima?"

"Halikuzima," Anis alisema kwa sauti ndogo.

"Halikuzima!" mama alipaza sauti.

"Basi mchawi mtafute humo humo ndani, uniache na mafuta yangu!"

"Umesikia, mama?" Jumana alirukia. "Humo humo ndani!" Akamnyooshea mdogo wake kidole.

Mama alifunga mlango wa baraza. Uso ulikuwa mwekundu, na sauti ikashuka, jambo ambalo watoto wale waliliogopa kuliko kelele. "Ijumaa nitaomba ruhusa kazini, nikae hapa mwenyewe. Na mpaka siku hiyo, atakayemtaja mkasi nyumbani kwangu, nitamkata ulimi."

Ijumaa ikafika. Mama alivuta kiti mbele ya mashine, akaweka bakuli la mbegu za turmus zilizochemshwa magotini, akawa anazimenya moja moja na kutupia maganda kwenye kisahani. Anis aliwekwa kwenye kochi la upande wa pili. "Kaa hapo nione mikono yako," mama alimwambia. Alikaa, mikono kifuani, kidevu juu, hatazami mtu. Jumana naye, badala ya kwenda chumbani, alisimama na simu yake kando ya mama.

Saa tisa, shwari. Saa kumi, shwari. Hala alikuwa akirudishia vigae vyake. Zaher aliandika, "Leo Mkasi kafungwa kamba?" Jumana akacheka kidogo. Anis aliona kicheko kile akageuza uso ukutani.

Saa kumi na dakika hamsini, mstari wa herufi ukatokea kwenye skrini wenyewe, mama akiwa na mbegu ya turmus mkononi na Anis akiwa hatua nane kutoka hapo.

"Ndiyo hayo!" Anis aliruka kutoka kwenye kochi. "Ndiyo maandishi niliyokuwa nasema! Si nilikwambia? Si nilikwambia!"

Mama alisogeza miwani akasoma polepole, maana yalikuwa ya Kiingereza. "Inasema... mashine itajizima baada ya dakika tano." Akamtazama Jumana. "Nani ameiamuru?"

"Sijui."

"Wewe ndiye uliyeitengeneza. Mstari gani unaoizima?"

"Labda... ni kitu cha mfumo tu, mama, huwa..."

"Jumana! Sikuulizi huwa. Mle ndani kuna mstari usioujua, au hakuna?"

Dakika moja ilikuwa imekwisha kupita. Jumana alihisi uso unawaka. Alitamani kuidanganya skrini, amdanganye mama, amdanganye hata Abu Rabih kule chini. Lakini herufi zilikuwa pale, nyeupe, hazimwogopi mtu.

"Ipo mingi," alisema mwisho. "Sijui hata nusu yake. Nilinakili tu."

"Ulinakili wapi? Lete!"

Jumana alifungua ukurasa wa Abu Taym kwenye simu. Amri zilikuwa ndani ya visanduku vya kijivu, na kati ya kisanduku na kisanduku kulikuwa na maelezo marefu. Jumana alikuwa amechukua visanduku tu. Mama alimnyang'anya simu, akapitisha kidole mpaka akafika.

"Sikiliza. 'Mtaani kwetu Saida jenereta hubadilishwa saa kumi na moja jioni. Amri hii inaizima mashine taratibu kabla ya hapo, isiumie umeme ukikatika. Wewe badilisha, uweke saa ya jenereta ya mtaa wenu.'" Alinyanyua macho. "Ya kwetu saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili," Anis alijibu kabla ya dada yake. Hata mtoto mchanga wa jengo lile aliijua saa ya Abu Rabih.

"Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mashine yetu inatii jenereta ya Saida!" mama alisema. "Endelea. Hapa chini anasema, 'ukitaka kuisimamisha, andika hivi.' Zimebaki dakika ngapi?"

"Mbili!" Anis alipiga kelele.

Jumana alivuta kibodi, akafungua skrini nyingine ya kuandikia amri, akaandika. Akakosea herufi. Mashine ikakataa. Akaandika tena, mama akimsomea herufi moja moja kama anavyowasomea wagonjwa wasioona vizuri. Akabonyeza. Ukatokea mstari mmoja mfupi: kuzima kumefutwa.

Wote watatu walikaa wakitazama saa ya ukutani. Saa kumi na moja kasoro dakika tano ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida, na kwenye simu Hala alikuwa bado anapanga vigae vyake, hajui lolote.

Hapo ndipo mama alipoweka bakuli chini. Hasira yake haikuwa imekwisha.

"Dukani kwangu," alisema, "kila dawa ina karatasi ya maelezo ndani. Nikimpa mtu vidonge nikatupa karatasi, anaweza kumeza vya asubuhi usiku, na vya mtu mzima akampa mtoto. Na akidhurika, siwezi kusimama nikasema ni mfagizi aliyechanganya chupa. Wewe umetupa karatasi, kisha umemtafuta mfagizi."

"Mama, sikujua."

"Hujui, sawa. Nani anazaliwa anajua? Siku ile ungesema tu, 'Sijui kwa nini inazima,' tungekaa tukatafuta sote, kama leo, na ingetuchukua dakika tano. Lakini ulijitangazia kwamba unajua kila mstari, na ili usionekane muongo, mdogo wako ikabidi awe mbaya. Amevimbishwa mdomo kwa ajili ya sifa zako. Chukua simu. Neno ulilolitoa hadharani utalirudisha hadharani."

Jumana alisogeza simu karibu na mdomo, akarekodi ujumbe wa sauti. Sauti ilitoka ikikwaruza. "Zaher, Hala, na wengine wote kwenye kundi. Aliyekuwa anaizima ni mimi. Nilinakili amri bila kuisoma. Anis hakugusa kitu, na mara zote mbili alijaribu kuniambia, nikamfukuza. Msimwite lile jina tena. Nimemkosea sana."

Kisha Zaher akajibu, safari hii bila utani: "Mimi ndiye niliyeanzisha jina. Anis, nisamehe, ndugu yangu. Nitawaambia na wa chini." Baada ya muda akaongeza, "Na tunabaki hapa hapa."

Hala alituma ujumbe wa sauti. Alikuwa analia na kucheka. "Paa limekwisha! Jumana, limekwisha!"

Mama alibeba bakuli na maganda, akaenda jikoni. "Nachomeka birika!" alipaza sauti.

"Ngoja kidogo!" Jumana alijibu, akakaa sakafuni mbele ya kochi. Anis alikuwa amerudi kwenye kochi na kukunja mikono, midomo ameibana, kile kidonda chekundu bado kinaonekana.

"Anis, nisamehe."

Anis alimgeuzia bega.

"Nipige basi, tulipane."

"Sitaki kukupiga."

"Nikushonee vifungo vyako?"

"Mama ameshashona."

"Basi niambie." Jumana aliona machozi yanamjia, akayafuta kwa kiganja. "Kila Ijumaa ulikuwa unasimama pale mbele ya mashine. Hukugusa kitu, najua sasa. Ulikuwa unafanya nini, Anis? Ulikuwa unataka nini?"

Anis alitazama miguu yake. Alikunjua mkono mmoja, kisha wa pili. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa bado ya hasira, lakini ilikatikakatika.

"Mtu akiingia kwenye mchezo, mashine inaandika jina lake pale. 'Hala ameingia.' 'Zaher ameingia.' Nilikuwa nasoma tu majina." Alionyesha skrini kwa kidevu. "Nilitaka siku moja iandike, 'Anis ameingia.'"